Mbegu za miti ya msituni: kwa nini nyingine hazioti, na namna ya kuzitunza

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya mvua za Machi na zile za Septemba, vikundi vya vitalu katika makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Uganda, kama Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale, huanza kutafuta mbegu za miti. Nyingine zinanunuliwa, nyingine zinaletwa na mashirika, nyingine zinaokotwa tu chini ya miti. Viriba vinajazwa udongo, mbegu zinafukiwa, na watu wanamwagilia asubuhi na jioni kwa maji waliyobeba kichwani. Baada ya mwezi, viriba vya lusina na grevilea vimejaa kijani. Vya miti ya asili vimebaki udongo mtupu. Hapo maneno yanaanza: mbegu zilikuwa mbovu, aliyeuza ni mwizi, udongo wa huku haufai.

Wakati mwingine mbegu ni mbovu kweli. Lakini mara nyingi ilikuwa hai ilipoanguka kutoka mtini, ikafa mikononi mwa watu, kati ya siku ya kuokotwa na siku ya kupandwa. Na wakati mwingine haijafa kabisa: imelala, na sisi tumechoka kuisubiri tukamwaga udongo.

Hili si jambo dogo kwa anayeishi kwenye makazi. Kuni ziko mbali kila mwaka zaidi, na wanaozifuata wengi ni wanawake na wasichana, ambao wanajua hatari ya njia hiyo kuliko mtu yeyote wa ofisini. Kiwanja cha familia ni kidogo, mara nyingi mita 30 kwa 30, kwa hiyo kila mti unaopandwa pale lazima uwe na sababu. Pia kuna upande wa pesa. Miradi ya kupanda miti siku hizi inataka miche ya asili zaidi na zaidi, na kikundi kinachoweza kuotesha mvule au musizi kina kitu cha kuuza ambacho jirani zake hawana.

Mbegu msituni ina kazi gani

Tuanze msituni kwenyewe, kwa sababu ukielewa maisha ya mbegu kule hutahitaji kukariri maelekezo mengi.

Mbegu inayoanguka moja kwa moja chini ya mti mama kwa kawaida haina bahati. Pale kuna kivuli kizito, kuna panya na wadudu waliozoea kula mbegu za mti uleule, na kuna magonjwa ya ukungu yanayokaa kwenye udongo. Ndiyo maana mti mkubwa unaweza kuangusha maelfu ya mbegu na chini yake usione mche hata mmoja uliofika magotini. Mbegu inahitaji kusafiri, na kwa kuwa haina miguu, kila aina ya mti imepata msafirishaji wake.

Grevilea na musambya (Wanyarwanda na Warundi wanauita umusave) wanatumia upepo. Mbegu zao ni nyepesi na zina bawa jembamba. Kaliandra hairuki wala hailiwi: ganda lake likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Lakini katika msitu mnene kama Bugoma, ulio jirani na Kyangwali na wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 40,000, upepo haufiki chini vizuri, na miti mingi hutegemea wanyama. Matunda ya musizi hubadilika kutoka kijani kwenda njano kisha zambarau iliyokolea, na hapo hondohondo, kima na sokwe huyafuata. Wanameza tunda, nyama yake inasagwa tumboni, kokwa gumu linatoka mbali na mti mama likiwa limesafishwa bure.

Nguvu ya ndege hawa inaonekana vizuri nchini Tanzania. Musizi ulipelekwa kwenye milima ya Usambara Mashariki wakati wa ukoloni, ukapandwa kwa mbao. Hondohondo wa kule hawakuuliza umetoka wapi. Walikula matunda, wakatawanya makokwa ndani ya msitu wa asili, na leo wataalamu wa Amani wanauhesabu kama mti vamizi. Mti uleule ambao Uganda ni mwenyeji, kule ni mgeni msumbufu.

Mvule una msafirishaji wa usiku. Matunda yake laini ya kijani, yanayofanana kidogo na kiwavi mnene, huliwa na popo wakubwa wanaokula matunda, na mbegu zake ndogo sana hudondoka popote wanaporuka. Katika msitu wa Kibale, ambao uko karibu na Kyaka II na Rwamwanja, kuna mti uitwao kitaalamu Balanites wilsoniana, wenye tunda kubwa ambalo tembo tu ndiye anaweza kulimeza zima. Mahali ambapo tembo hawapiti, matunda ya mti huo hurundikana na kuoza chini ya mama yake. Kwa hiyo anayetega mitego msituni hapunguzi nyama ya porini peke yake. Anapunguza pia wapanda miti, na hao hawalipwi na mradi wowote.

Mbegu za kungoja na mbegu zisizongoja

Sasa tufike kwenye tofauti inayoua miche mingi ya vitalu vyetu.

Miti ya nyika na ya sehemu kavu, kama jamii ya migunga, huishi na ukame. Mbegu yake ikianguka Juni lazima ingoje mvua, pengine mwaka mzima. Kwa hiyo imejijenga kwa safari hiyo: inakauka sana bila kufa, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba maji hayaingii upesi. Lusina, mjohoro na mugavu wako upande huu pia. Mbegu za namna hii ukizikausha vizuri na kuzifungia, zinaweza kukaa miaka.

Mti wa msitu wenye unyevu hauna haja hiyo. Chini yake udongo ni wa baridi na umelowa karibu mwaka mzima. Mbegu yake huanguka ikiwa nzito, imejaa maji na chakula, na inaanza kuota mara moja. Ule mche mdogo ndio unaongoja, si mbegu. Unaweza kukaa kivulini miaka bila kukua sana mpaka mti mkubwa uanguke na mwanga uingie. Mbegu ya namna hiyo haikujiandaa kukauka. Ukiianika juani siku tatu kama mahindi, umeiua, na kwa macho hutajua, kwa sababu nje inaonekana nzima.

Mfano mnaoujua wote ni parachichi na embe. Hakuna mtu anayehifadhi kokwa la parachichi kwenye gunia mpaka msimu ujao, kwa sababu kila mtu ameona linavyosinyaa. Miti mingi ya msituni iko hivyohivyo, tatizo ni kwamba hatukukua tukiipanda. Mzambarau uko upande huu. Mti wa shea, ambao ndugu zetu wa makazi ya West Nile wanauthamini kwa mafuta yake, nao uko huku: kokwa lililokaushwa kwa ajili ya mafuta haliwezi tena kuwa mche.

Katikati kuna kundi la tatu, ambalo linavumilia kukauka kidogo lakini halidumu. Mwarobaini ni mfano, na kahawa pia. Umwumba (kitaalamu Prunus africana) uwekwe hapa kwa usalama wako. Wengi waliotoka Kivu ya Kaskazini wanaujua mti huu kwa sababu ya magome yake yanayouzwa nje kutengeneza dawa ya tezi dume. Biashara hiyo ilimaliza miti mingi, kwa sababu mti uliomenywa gome kuzunguka shina lote hufa, na tangu mwaka 1995 umewekwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ni mti wa kupandwa, basi, lakini mbegu zake hupoteza uhai ndani ya wiki au miezi michache. Ukiletewa mbegu za umwumba na hakuna anayejua zimetoka mtini lini, usilipe.

Hakuna sheria isiyo na kasoro ya kutambua kundi kwa macho, ila kuna dalili nzuri. Mbegu kubwa, laini ukiikata kwa kisu, yenye unyevu ndani, iliyotoka kwenye tunda la nyama la mti wa msitu mnene: ihesabu kuwa haingoji. Mbegu ndogo, ngumu, kavu, iliyotoka kwenye ganda linalopasuka: mara nyingi inangoja. Ukiwa na shaka, panda mapema. Kupanda mapema hakujawahi kuua mbegu ya aina yoyote kati ya hizi.

Kukusanya

Kabla ya lolote, swali la ruhusa. Misitu ya hifadhi nchini Uganda inasimamiwa na mamlaka ya taifa ya misitu, NFA, chini ya sheria ya misitu na upandaji miti ya mwaka 2003. Hifadhi za taifa kama Kibale zina mamlaka yake nyingine na masharti makali zaidi. Usiingie kuchukua mbegu kwa kudhani kwamba kwa kuwa si mti wala mkaa hakuna atakayejali. Mlinzi anayekukuta na gunia msituni hatauliza kwanza ndani kuna nini. Pitia kwa mwenyekiti wako wa RWC na ofisi ya kamanda wa makazi, waombe wakuunganishe na afisa wa misitu, na mwende kama kikundi. Kwa miti iliyo kwenye mashamba ya wenyeji, omba kwa mwenye shamba na mjulishe mwenyekiti wa LC1. Kusema kweli, miti mingi mizuri ya mbegu iko mashambani na kando ya makanisa na shule, si msituni. Watu wengi hawana haja ya kufika hifadhini kabisa.

Pili, usichukue kwenye mti mmoja. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi na halionekani mpaka miaka imepita. Kuna mti mmoja mkubwa barabarani, unazaa sana, ni rahisi kuufikia, kila kikundi kinaokota pale. Miche yote ya makazi inakuwa ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa ukija unaopata mmoja, unawapata wote, na hao wakizaana wao kwa wao watoto wao huwa dhaifu. Wataalamu wa mbegu wanashauri angalau miti mama 30, iliyotengana mita 50 hadi 100, kwa sababu miti iliyosogeleana mara nyingi nayo ni ndugu. Najua kikundi kidogo hakiwezi kupata miti 30 ya umwumba. Fanyeni hivi: kila kikundi kikusanye kwenye miti mitano au sita iliyo upande wake, kisha vikundi vya zoni tofauti vichanganye mbegu kabla ya kupanda. Ni mkutano wa saa moja tu.

Chagua mti ulionyooka kama unataka mbao, wenye matawi mengi kama unataka kuni, na usio na ugonjwa. Uache mti uliosimama peke yake mbali kabisa na wenzake wa aina yake, kwa sababu huenda umejichavusha wenyewe. Kumbuka pia kwamba mvule una dume na jike. Mti wa dume unaweza kuungojea maisha yako yote na hautatoa tunda.

Mbegu za kwanza kuanguka ziache. Mara nyingi ni zile zilizotobolewa na wadudu au ambazo hazikukomaa, mti umezitupa. Subiri kishindo chenyewe cha msimu. Kwa grevilea ni kinyume kidogo, kwa sababu matunda yake yakishakauka hupasuka na mbegu huruka ndani ya siku chache. Hapo lazima ukate vichala vinapoanza tu kubadilika kuwa kahawia, uvitandaze juu ya turubai mahali penye hewa pasipo na upepo mkali, vifunguke mbele yako. Miti kama umwumba huzaa sana mwaka mmoja, na unaofuata karibu usione kitu. Mwaka wa neema ukija, usiupoteze.

Usipande juu ya mti mrefu. Tandika turubai chini, rusha kamba yenye uzito kwenye tawi, tikisa. Au tumia ndoano kwenye mti mrefu wa kuchumia. Mguu uliovunjika kwenye makazi ni msiba wa familia nzima kwa miezi, na hakuna kilo ya mbegu inayolingana nao.

Neno moja kuhusu mvule na popo. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua ugonjwa wa Marburg, na popo wanaoishi ndani ya mgodi ule ndio waliohusishwa nao. Popo wa mvule si lazima wawe wale. Hata hivyo usile matunda yaliyotafunwa na popo, usishike popo aliyekufa, vaa glavu au funga mifuko mikononi ukiokota chini ya mti wanakokula, na unawe kwa sabuni. Watoto wasiokote.

Na wanyama waachiwe chao. Wakusanyaji wakubwa wa mbegu duniani wana kanuni ya kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Ni kipimo kizuri hata kwa gunia lako.

Kusafisha na kukausha

Tunda la nyama lisikae ndani ya mfuko wa plastiki hata usiku mmoja. Linachemka lenyewe kwa ndani, weka mkono utasikia joto, na mbegu inapikwa. Tumia gunia linalopitisha hewa, lisilojazwa sana, likae kivulini njiani.

Nyumbani, ondoa nyama siku hiyohiyo au kesho yake. Musizi na umwumba: loweka, ponda kwa mikono au kwa mchi wa mti bila kuvunja kokwa, suuza kwa maji mpaka lisiteleze. Tunda la mringaringa, ambao Warundi na Wanyarwanda wanauita umuvugangoma, lina utomvu unaonata kama gundi, na kulisugua kwa mchanga husaidia. Mvule: kamua matunda laini ndani ya maji, chuja kwa kitambaa, na mbegu zitabaki kama punje za ulezi. Nyama ikibaki, huleta ukungu. Na katika miti mingine nyama hiyo yenyewe huzuia mbegu kuota, ndiyo maana tumbo la hondohondo lina faida.

Kisha kukausha, na hapa rudi kwenye makundi. Mbegu zisizongoja, kausha maji ya juu tu kivulini kwa saa kadhaa, kisha panda. Mbegu zinazongoja, zianike siku kadhaa juu ya mkeka ulioinuliwa, kivulini penye hewa au kwenye jua la asubuhi, ukizigeuza. Bati la moto na turubai jeusi la saa sita si mahali pa mbegu.

Je, zimekauka vya kutosha? Chukua chupa kavu ya kioo, weka mbegu robo, ongeza chumvi kavu kiasi, funga, tikisa, acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado zina maji. Ikibaki kavu inamwagika vizuri, unaweza kuhifadhi. Chumvi iwe kavu kweli, kaanga kidogo kwanza. Mbegu za jaribio usizipande.

Kuhifadhi kwenye nyumba ya turubai

Kuna hesabu ya zamani ambayo watu wa mbegu wanaitumia kwa zile zinazovumilia kukauka: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka karibu maradufu. Kila unapopunguza joto la mahali zilipo kwa nyuzi 5, huongezeka maradufu tena. Fikiria nyumba ya bati au turubai inayofika nyuzi 35 mchana. Kona ya nyumba ya udongo yenye paa la nyasi inaweza kuwa nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 10, yaani maradufu mara mbili. Mbegu ambayo ingekufa ndani ya miezi mitatu juu ya kabati inaweza kukaa mwaka chini kwenye chungu kilichofukiwa nusu ardhini. Hakuna umeme, hakuna friji, ni chungu tu.

Chombo kifungwe kabisa, kwa sababu mbegu kavu hunyonya unyevu wa hewa wakati wa mvua. Jaza mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Jivu kavu lililochekechwa likichanganywa na mbegu hunyonya unyevu na kuwasumbua fukusi, ambao hutaga ndani ya maganda ya mugavu na migunga kabla hata hujayachuma. Angalia kila mbegu: yenye tundu dogo la duara, fukusi ameshatoka, itupe. Msituni na nyikani, mbuzi na wanyama wengine wakila maganda hayo mapema huua sehemu ya wadudu hao tumboni, na mbegu nzima hutoka kwenye mavi. Baadhi ya wafugaji hukusanya mbegu za migunga zizini kwa sababu hiyo, na si wajinga.

Kuamsha mbegu iliyolala

Mbegu za ganda gumu, kama lusina, mjohoro na migunga mingi: chemsha maji, yaepue motoni, kisha mimina juu ya mbegu na ziache humo mpaka asubuhi. Usichemshe mbegu zikiwa ndani ya sufuria motoni. Zilizovimba zimefunguka, zipande siku hiyohiyo. Ambazo hazikuvimba, rudia. Kaliandra inatosha maji baridi siku mbili. Kwa mbegu ngumu chache unaweza kuchubua upande mmoja kwa kikata kucha, mbali na sehemu ambako mzizi unatokea.

Grevilea na musambya hazihitaji chochote. Zilaze bapa, funika kwa udongo mwembamba tu. Makokwa ya musizi yaloweke kwenye maji ya kawaida siku moja hadi tatu ukibadilisha maji, panda, na hapo uwe na subira ya kweli. Mengine huota baada ya mwezi, mengine baada ya miezi mitatu au zaidi, yote ya mti mmoja. Msituni huo ni ujanja mzuri, kwani mvua moja ya uongo haiwezi kuwaua watoto wote. Kwenye kitalu unawafanya watu wakate tamaa. Otesha musizi kwenye tuta la mchanga, si kwenye viriba, na uhamishe kila mche unapotokea. Hivyo hutamwagilia viriba mia vitupu kwa miezi.

Mvule nao una adui baada ya kuota: mdudu mdogo anayefanya majani na vichomozo vivimbe kama vidonge kisha vioze. Usipande mvule mwingi mahali pamoja. Uchanganye na miti mingine, kama unavyochanganyika msituni.

Na kama mbegu haipatikani au haivumilii safari, kuna njia ya tatu: maotea, yaani miche iliyojiotea chini ya mti mama. Kwa kuwa mingi ya hiyo ingekufa kivulini pale, ukiichimba asubuhi baada ya mvua ikiwa na majani mawili hadi manne, na udongo wake, ukaiweka kivulini kitaluni, hujaiba chochote kutoka msituni. Ruhusa bado inahitajika.

Unaponunua

Kituo cha taifa cha mbegu za miti cha NFA kiko Namanve, karibu na Kampala. Kwa wasomaji walio nchi nyingine, Kenya ina kituo cha KEFRI huko Muguga, na Rwanda ina chake Huye. Popote unaponunua, au shirika linapokuletea, uliza mambo manne: zilikusanywa lini, wapi, kwenye miti mingapi, na zinaota asilimia ngapi. Mtu mwaminifu ana majibu kwenye lebo. Jina la Kiganda au la Kiswahili peke yake halitoshi, omba na jina la kitaalamu. Mjohoro wa kuni ni Senna siamea. Ndugu yake Senna spectabilis, mwenye maua mengi mazuri ya njano, amevamia sehemu za msitu wa Budongo, na kuchanganya hao wawili ni rahisi mbegu zikiwa kwenye kikombe.

Kabla ya kupanda zote, jaribu. Hesabu mbegu 100, zipange kwenye kitambaa kilicholowa au mchanga, weka kivulini, hesabu zinazoota. Zikiota 40 na unataka miche 200, unahitaji mbegu 500, na uongeze mia moja kwa ajili ya panya na ukungu. Kwa mbegu zinazochelewa kama musizi jaribio hilo ni refu mno. Kata makokwa kumi katikati badala yake. Ndani pakiwa peupe, pamejaa na pana unyevu, ni hai. Pakiwa pakavu, peusi au patupu, rudisha gunia.

Halafu hesabu tarehe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mche wa kupandwa shambani mvua za Septemba unahitaji miezi minne hadi sita kitaluni. Kwa grevilea hiyo ni kusema mbegu iwe kwenye udongo kufikia Aprili. Kwa musizi, ongeza miezi ya kulala: Januari au Februari. Mbegu zinazofika mwezi wa nane pamoja na wageni na kamera zina mahali pake kama ni za lusina, zifunge kwenye chungu mpaka mwakani. Kama ni za umwumba, zipande siku hiyohiyo kwenye tuta, na uwaambie wageni warudi Machi kupanda miche.